Bupe na Namba ya Mbele

Sijawahi kumshinda Bupe kwa ubishi, wala simjui aliyemshinda. Pale kwao Boko anatunza, bila malipo, programu ndogo ambayo wenye programu kubwa huichomeka ndani ya zao ili iwapangie saa za kuwakumbusha watu mambo. Ilikuwa na kosa moja: ilitoa saa za kizungu. Saa mbili asubuhi ilitoka nane. Kila aliyeitumia alizoea kupunguza sita mwenyewe, maisha yakaendelea.

Erasmus, mwenzake katika kazi hiyo, akalirekebisha kwa mstari mmoja. Sasa programu inapunguza sita yenyewe.

"Dada Bupe, itoe leo. Kwenye namba ya toleo ongeza ile ya mwisho tu, hii ishu ndogo."

Bupe akakataa. Namba ya mwisho ikiongezeka, mitambo ya watu huchukua toleo jipya bila kuuliza. Ikiongezeka ya mbele, husubiri mtu akubali.

"Umerekebisha vizuri, mdogo wangu. Ila ile zahanati ya Chang'ombe bado wanapunguza sita. Tukipunguza na sie, mgonjwa wa kisukari ataambiwa ajichome sindano saa nane badala ya saa mbili. Atangoja mchana, sukari ipande."

"Si wasome maelezo!"

"Nani anasomaga maelezo, Erasmus? We unasoma?"

Erasmus akanuna. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilikuwa upande wa Bupe waziwazi.

Bupe akaitoa programu kwa kuongeza namba ya mbele: toleo la tatu. Mwingine angeishia hapo. Yeye akawapigia simu watumiaji wote aliowajua. Marietha, muuguzi anayesimamia ujumbe wa wagonjwa pale zahanati, akasema hajui hiyo hesabu ya kupunguza sita imekaa wapi kwenye mfumo wao. Basi tukaenda Chang'ombe, mimi nikilalamikia jua njia nzima.

"Shikamoo, mama," Bupe akamsalimu Marietha.

"Marahaba, mwanangu. Yaani umetoka Boko kwa ajili ya hili?"

Wakaitafuta ile sita, wakaifuta, ndipo wakalikubali toleo jipya. Ujumbe wa kwanza ukaenda kwa Mzee Polikarpo, anayejichoma sindano kila asubuhi. Bupe hakukaa. Alisimama akiitazama simu ya Marietha mpaka ikaita.

"Nesi, nimeona ujumbe wenu," alisema mzee. "Kesho saa mbili. Kwani kuna kilichobadilika?"

Marietha akamtazama Bupe, ambaye sasa alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Hakuna, baba. Saa mbili ileile."