Aliyemzika Baba Mkwe, Kisha Akampa Chai

Saa tatu asubuhi, ndani ya duka la dobi, mwanamke wa makamo anashona vifungo vya mashati ya watu. Mvuke wa pasi umetanda hadi darini. Macho yake yako kwenye sindano, lakini ukimtazama vizuri utaona midomo inacheza. Anaongea na mtu asiyekuwepo.

“Mwache, ndivyo alivyo,” anasema dada yake, mwenye duka. “Alipokuwa kimya ndipo nilipoogopa.”

Vifungo si kazi yake. Kwa miaka tisa ameandika mchezo wa redio wa kila jioni, ule unaowafanya watu waunguze vyungu jikoni. Majirani wanamwita Mama Jioni.

Mambo yalimwendea mrama mwezi uliopita. Jumatatu alimzika baba mkwe wa mhusika wake mkuu, mazishi ya kuliza kweli. Alhamisi, akiwa hoi kwa uchovu, akamwandika mzee yuleyule mezani, anaomba chai iongezwe sukari. Mwigizaji wa mzee huyo aliyasoma maneno hayo bila kuuliza. Alifurahi mno kupata kazi tena.

Simu za wasikilizaji zilimiminika. Wenzake studioni walicheka hadi machozi, naye akacheka nao, kisha akajifungia chooni akalia. Tangu hapo kila alipoketi kuandika, kichwa kilikuwa kitupu. Mtayarishaji wa kipindi alimpa likizo, akamwambia waziwazi kwamba akirudi mikono mitupu, mchezo atapewa mtu mwingine.

“Wahusika wangu walikuwa wananisemesha hata nikioga,” anasimulia. “Ghafla wote kimya. Kama nyumba iliyohamwa, nimebaki mimi na ufunguo.”

Dada yake alimchukua kama mtu anayemchukua mgonjwa. Sharti lilikuwa moja: kalamu haiingii dukani. Ashone, akunje, asinzie akitaka. Siku za kwanza alijiona bure kabisa. Kisha, taratibu, harufu ya sabuni na joto la pasi vikamlegeza, mchana ukawa unapita kama usingizi mwepesi. Akajikuta anaitazama kola iliyochakaa upande mmoja tu, akiwaza ni kichwa cha nani kinacholala kwenye bega lile.

Juzi, akikunja shuka, alisikia sauti ya mwanamke asiyemfahamu, anaimba polepole huku akiosha vyombo. Hakuwa mtu wa mchezo wake. Mkono ukaanza kupapasa kutafuta kalamu, na dada yake akauona.

“Mdogo wangu, kunja shuka,” alimwambia. “Kama ni wako, kesho utamkuta.”

Alikunja, roho ikimuuma. Asubuhi alimkuta palepale, ameshafika ubeti wa pili.

Jumatatu anarudi studioni. Atamwomba mtayarishaji amtafutie mwandishi mwenza, ili wagawane siku, maana kila jioni peke yake hawezi tena. Anajua anaweza kukataliwa na kuupoteza mchezo wote.

“Nitalia, sikufichi. Wahusika wale nimewalea mimi,” anasema, akikata uzi kwa meno. “Lakini mchezo ni wa studio, wana haki ya kuuchukua. Huyu mama anayeimba hakutumwa na mtu. Amenifuata mwenyewe mpaka huku kwenye nguo chafu.”