Gunia Nyuma ya Zizi la Kogo Tabutany

Sioni haya kusema: nilipiga hesabu ya mbolea mara tisa, nikaogopa kuunguza nyasi, nikanyunyiza konzi chache tu. Gunia nikalificha nyuma ya zizi. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo juzi juzi, na Kogo Tabutany, bibi mjane wa Kimulot, alikuwa amefunga nusu ya malisho yake kwa ushauri wangu, nyasi zikue bila kuliwa, ili ng'ombe wake wasife njaa wakati wa kiangazi.

Mwezi wa Januari, mkubwa wangu wa kazi alikuja kukagua, majirani wakamfuata. Nyasi zilikuwa fupi na za manjano, isipokuwa viraka vya mviringo vilivyositawi, kijani kibichi, hadi magotini. Nikashusha pumzi.

"Hapo ndipo mbolea yangu ilipoanguka," nikatangaza.

Kogo akacheka hadi akashika ua wa zizi. "Kijana, hapo ng'ombe wangu walikojoa kabla sijafunga!"

"Mkojo una naitrojeni ileile ya mbolea!" nikamjibu kwa sauti, na hata leo nasema hivyo.

"Sawa. Na yako iko wapi?"

"Iko huku," mkubwa akaita kutoka nyuma ya zizi. "Gunia karibu zima."

Nikainua kidevu. "Angalau hakuna jani lililoungua."