Shahidi wa Bombani

Pasaka iliyopita nilipanda kilima cha Naguru baada ya misa, nikatafuta mahali palipokuwa na nyumba yetu. Usinicheke. Nilijua fika kwamba mstari wetu wa vibanda vya kambi ya polisi ulishavunjwa na kwamba ningekuta maghorofa. Lakini padri alikuwa amesoma habari ya wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, nami siwezi kuisikia habari hiyo bila kumkumbuka jirani yetu mpelelezi.

Tuliishi katika vibanda vya duara vya mabati, vyenye mlango mfupi kiasi kwamba hata afande mwenye cheo aliingia ameinama. Tuliviita mama ingia pole. Jua likiwaka vilichoma, mvua ikinyesha hamsikilizani, na jirani akikohoa ulimpa pole ukiwa kitandani kwako. Bibi yangu, aliyenilea, alikuja na mapishi yake kutoka kaskazini: malakwang, mboga chachu aliyoiunga kwa simsim ya kusaga, na ugali wa ulezi. Sikukuu ya Pasaka aliazima sufuria kubwa kwa jirani Mwislamu, na Idi ikifika jirani alikuja kuchukua viti vyetu.

Mpelelezi alikula kwetu kila Pasaka, ingawa kanisani hakukanyaga. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa tuliyoyasengenya sana sisi watoto. Kabla hajanawa mikono alianza: kaburini kulikuwa na malaika mmoja au wawili? Wanawake walikuwa wangapi? Mbona Paulo, aliyetangulia kuandika, hawataji hata kidogo? Alitueleza kwamba kazini mashahidi hukalishwa mbalimbali, na kila mmoja huulizwa peke yake: hili uliliona, au uliambiwa? Yeye aliamini kwamba imani ile ilianza na watu wachache waliofiwa wakaona walichoona, na wengine waliowapenda wakaongeza. Bibi hakukasirika hata siku moja. Alimsogezea sahani na kumwambia, "Afande, kula kwanza."

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Pasaka, konstebo wa kibanda cha jirani alifia kazini, akaletwa katika sanduku lililofungwa. Hakuna aliyemwona uso. Baada ya mazishi mjane wake alimwambia bibi kwamba alfajiri amemwona mumewe bombani, anaosha viatu. Maskini, alimwambia bibi peke yake, lakini mabati yana masikio. Jioni watu walikuwa wanasema marehemu ameomba chai. Kesho yake ameacha matope mlangoni. Habari ikawafikia kaka za marehemu, nao wakaja na neno moja: mwanamke ana wazimu, watoto tunawachukua.

Wazee wa mstari wakaitisha kikao nje ya kibanda cha mjane. Bibi akamwita mpelelezi, nami nikashangaa, kwa maana mtu asiyekubali hata Ufufuko atamteteaje mwanamke aliyemwona konstebo akiosha viatu? Mjane alikuwa amemkumbatia kitindamimba wake kana kwamba wameshaanza kumvuta.

Mpelelezi aliwatawanya wanawake wote, kila mmoja nyuma ya kibanda chake, akawazungukia. Nani alikuambia habari ya chai? Na huyo aliambiwa na nani? Mmoja mmoja wakaanza kutazama chini. Mwisho alichuchumaa mbele ya mjane, akasema naye kwa Kiswahili chetu cha kambini.

"Mama, sema ile wewe naona. Hapana sema ile watu nasema."

"Mimi naona yeye bombani. Naosha viatu. Hapana sema kitu."

Kaka mmoja wa marehemu akaruka. "Nyinyi nasikia? Si wazimu hiyo?"

Mpelelezi akasimama. "Mimi hapana amini kama maiti naosha viatu. Lakini hii mama nasema ile yeye naona tu, hapana ongeza kitu. Chai na matope ni ya sisi. Kama yeye iko wazimu, basi kambi yote iko wazimu."

Mzee mmoja akacheka, na kicheko hicho kilimaliza kesi. Wale kaka waliondoka bila watoto. Nilimpenda yule mtu siku ile kuliko mtu yeyote duniani, masikio yake pamoja.

Pasaka ilipofika alikuja kula, akaanza maswali yake kama kawaida. Safari hii bibi hakumwambia ale kwanza.

"Afande, wewe nasimamia hii mama yetu. Na ile Mariamu ya kaburini, nani nasimamia yeye?"

Aliurudisha ugali sahanini.

"Mariamu pia," akasema, "mimi hapana sema nadanganya."

Hakupita hapo, wala bibi hakumsukuma. Walikula pamoja Pasaka nyingi baadaye, kila mtu na lake, mpaka tulipomzika bibi, na miaka michache baadaye tukamzika yeye.

Mahali pa bomba sasa ni maegesho ya magari. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kanisani mpaka askari wa getini akaja kuniuliza namtafuta nani. Nilimjibu kama mpelelezi alivyotufundisha. Nimeona saruji, nimeona magari. Mtu sikumwona, ingawa nilikuwa nimetazama sana.