Mkono Niliokatazwa Kuupumzisha

Nawasalimu nyote mtakaousoma ushuhuda huu, mkiwemo mlionicheka. Mchungaji wetu hapa Iringa, nilikorudi likizo, ndiye aliyeniomba niuandike kwa ajili ya vijana, akanisihi nitumie maneno ya upole. Nimejaribu, nimeshindwa. Naitwa Masanja, nina miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ni kurusha mpira wa besiboli.

Nilizaliwa bonde la Usangu, katika familia ya Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Tulilima mpunga pia. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na hapo mtoto wa kwetu hana likizo, anaamia. Kuamia ni kusimama shambani tangu alfajiri hadi jua lizame, ukipiga kelele na kuwarushia ndege madonge ya udongo. Nilianza nikiwa na miaka saba. Afya yangu ilikuwa ya punda, hata malaria ilinipitia mbali.

Nilipokwenda sekondari Iyunga, pale Mbeya, nikamkuta mwalimu wa michezo, Mwalimu Kyando, na gunia la glavu alilopewa na wageni. Besiboli, kwa wasioijua, mrushaji anamrushia mpira mgumu mtu mwenye gongo, naye anajitahidi kuupiga. Kwangu walikuwa wanapiga hewa tu. Nikiwa kidato cha nne akaja msaka vipaji kutoka Marekani. Alinitazama nikirusha, akasema mwisho wa mwaka atarudi kunijaribu tena, na nikifaulu atanipeleka kwenye timu zinazoandaa vijana kwa ligi kuu ya kule. Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Na hapo ndipo Mwalimu Kyando alipopata wazimu. Kila siku narusha, Jumapili narusha, mvua ikinyesha narusha ukumbini. Mwezi wa tano kiwiko kikaanza kuniuma upande wa ndani. Kidole kidogo na cha pete vikawa vinakufa ganzi, asubuhi nashindwa kufunga vifungo vya shati. Nikamwambia.

"Hiyo ni misuli inakomaa," akasema. "Mwanaume halii kwa sababu ya kiwiko. Hebu rusha."

Nikarusha. Hilo kosa ni langu, silikani. Niliogopa asije akamwambia mgeni kwamba mimi ni mgonjwa.

Likizo ya mwezi wa sita nikarudi nyumbani nikiwa nimejiapiza kuupumzisha mkono. Mpunga wetu ulichelewa mwaka huo, ndege walikuwa juu yake. Nikamweleza baba. Akaniangalia kuanzia miguuni.

"Unaumwa mkono au unaumwa uvivu?"

"Mkono, baba. Hauwezi kurusha."

"Mpira wa wazungu unaurusha, udongo wa baba yako hauwezi? Nenda shambani."

Kwetu mtoto hamwambii baba hapana. Nikaenda. Siku kumi niliamia kwa mkono ule ule, maana wa kushoto ulikuwa haufikishi donge popote. Siku ya kumi na moja nikarusha, nikasikia ndani ya kiwiko kitu kikichanika, kama kitambaa kikichanwa. Donge likaanguka miguuni pangu. Mpaka jioni mkono ulikuwa umevimba, umegeuka rangi ya bluu, na nikawa nashika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Shangazi akaleta mama mmoja mkandaji. Akanikanda kwa maji ya moto na samli, kisha akauvuta mkono ili "urudi mahali pake." Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakasimama zizini. Baada ya siku tatu wakanipeleka hospitali. Wakapiga picha, daktari akaishika juu dirishani.

"Mfupa mzima," akasema. "Meza hizi, utapona."

Kwa hiyo kila mtu akaamini sina ugonjwa. Wanafunzi wenzangu wakaniita Mgonjwa wa Marekani. Mwisho wa mwaka yule msaka vipaji akarudi kama alivyoahidi. Asubuhi hiyo Mwalimu Kyando alinipa vidonge viwili vya maumivu, kisha akaniongeza viwili. Mpira wa kwanza ulikwenda polepole. Wa pili ukaenda pembeni. Wa tatu ukagonga ardhi mbele yangu, nami nikapiga magoti na kutapika mbele za watu. Mgeni akafunga daftari lake. Mwalimu Kyando alinipita bila kunishika, akasema, "Umenipotezea muda wangu." Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau.

Aliyeniokoa ni dada yangu Mbula, aliyeolewa Iringa. Alinifuata mwenyewe, akanipeleka hospitali nyingine mjini kwake. Daktari kijana aliukunja mkono wangu, akauminya, akanipima kwa altrasaundi.

"Picha ya mfupa haiwezi kuonyesha hili," akasema. "Ligamenti ya kiwiko, ile kano inayoshikanisha mifupa, imechanika, ila haijakatika yote. Ukiipumzisha miezi sita inaweza kujifunga bila upasuaji. Ukirusha hata jiwe kabla ya hapo, sahau besiboli."

Akanikabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mama Kikoti, Mhehe mwenye ulimi mkali kuliko dawa zote nilizomeza. Kwa mpira wa tyubu ya baiskeli alinifundisha kuamsha bega. Kwenye ndoo ya maharage nilizamisha mkono, nikawa nafumba na kufumbua vidole mpaka jasho linitoke. Nikiongeza kasi ananipiga kikofi.

"We Msukuma, huu siyo mkia wa ng'ombe, usiuvute!"

Wiki za kwanza nililia. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Mwezi wa tatu wa matibabu ganzi ikaondoka, nikafunga shati mwenyewe, nikamwonyesha Mama Kikoti vifungo kama mtoto wa chekechea.

Mwezi wa tano wa matibabu akaja baba. Alitoka Usangu kwa basi, akaingia nyumbani kwa dada na kofia kichwani, hakukaa.

"Ndege wameshuka," akasema. "Jiandae, tunaondoka."

"Baba, nimebakiza mwezi mmoja."

"Mpunga wangu unaliwa, wewe umekaa kwa shemeji yako unafinya maharage?"

Dada akataka kumletea uji, akakataa kwa mkono. Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema tangu kuzaliwa.

"Baba, siji."

"Basi usije kabisa," akasema, akatoka, na hata maji hakunywa.

Mwezi wa saba nikarusha mpira wa kwanza, hatua kumi tu, Mama Kikoti akiudaka kwa khanga yake. Haukuuma. Nikalia tena, yeye akanitukana, kisha akalia na yeye. Mwaka uliofuata nikajaribiwa upya na mgeni yule yule. Akauliza, "Huyu si yule aliyetapika?" Ndiye huyo. Safari hii alinichukua. Huko Marekani timu za kuandaa vijana zimepangwa kwa ngazi: nimepanda, nimeshushwa, nimepanda tena. Leo nimebakiza ngazi moja kufika ligi kuu, na mkono wangu ni mzima.

Namshukuru Mungu, dada Mbula, yule daktari kijana na Mama Kikoti. Mwalimu Kyando, nimesikia unatangaza redioni kwamba ulinitengeneza. Wewe sikushukuru. Na ninyi vijana, kiungo kikiuma semeni kinauma, na picha isipoonyesha kitu tafuteni daktari mwingine. Msiache mtu yeyote auvute mkono wenu.

Baba hajasema nami tangu siku ile. Juzi nimempigia simu. Akapokea, akaisikia sauti yangu, akanyamaza. Hakukata, nami sikukata. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Tukakaa hivyo mpaka salio likaisha. Nitampigia tena kesho, na keshokutwa. Lakini kwa kumwambia siji, sitamwomba radhi.