Ndege ya Ukutani

Siku hizi, usingizi ukinikataa, napekua picha za safari zangu kwenye simu mpaka moyo utulie. Juzi, katikati ya vilima vya Walungu, ikatokea ile niliyoinakili kutoka albamu ya mama.

Alasiri ya picha ile, nikiwa mtoto, mji ulikuwa kimya vibaya. Mama alituvalisha nguo za misa, mimi na dada yangu, akatupeleka kwa mpiga picha wa mtaa wa Nguba. Ukuta wake ulichorwa ndege kubwa, na chumba kilinuka rangi. Nilibeba kandambili zangu kwenye mfuko, maana niliamini tunasafiri.

"Maman, tunaenda wapi?"

"Picha ndiyo itaenda, kwa papa yenu, kule Kamituga. Akiona munacheka, atajua tuko bazima."

"Mucheke basi, batoto!" mpiga picha akasema.

Mngurumo ukasikika upande wa milimani. Nilidhani ni injini ya ndege yetu, nikacheka kwa meno yote.

Pichani mama peke yake hacheki, ametazama mlango. Nilidhani anasubiri gari la kutupeleka kwenye ndege; leo najua alikuwa akisikiliza mizinga ya vita. Sasa kila nikiitazama, najikuta nami nimegeuza shingo mlangoni.