Kopo la Mwisho la Kasmiri

Umande haujakauka, na foleni ya wanawake wenye mtama na makopa ya muhogo imeshafika barabarani. Dafroza Magesa anazungusha hendeli kwa mikono miwili. Injini inakohoa, inatoa moshi wa buluu, inanyamaza. Anavuta pumzi, anazungusha tena. Inanyamaza.

Hii ndiyo mashine ya kusaga ya kijiji kimoja cha ujamaa nje kidogo ya Butiama, na Dafroza ndiye anayeiendesha. Ni kuukuu hasa. Ringi za pistoni zimelika, kwa hiyo inakunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi. Fundi Masatu wa Kitaji, Musoma, alishasema haitapona bila ringi mpya. Zimeagizwa tangu mwaka jana, na kijiji kinasubiri.

Kinachoiweka hai ni kopo jekundu lililoko rafuni. Ndani mna maji mazito, rangi ya asali, ya kuchanganya na oili. Hapa yanaitwa dawa tu, na Dafroza anaitwa mganga wa mashine. Bibi Wankyo, mteja wa siku nyingi, aliwahi kuomba tone la kupaka magoti. Alinyimwa.

"Haiponyi," anasema Dafroza. "Ringi zikilika pumzi inavuja. Dawa inazibaziba tu, moshi unapungua, inawaka."

Mafundisho hayo ni ya kaka yake, Kasmiri, aliyeiendesha mashine hii kabla yake. Alipopata kazi gereji Kisumu, alimwachia dada yake hendeli. Kila Krismasi alirudi na makopo mawili, akakaa juu ya gunia pale mlangoni, akiisikiliza injini huku amefumba macho. Gunia hilo bado lipo, na ole wako ulikalie.

Mwaka juzi, 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Barua zinafika kwa kuchelewa, lakini kopo halitumwi ndani ya bahasha. Dafroza ameitafuta dawa hiyo Musoma na Bunda, duka kwa duka, asiipate. Basi lilipobaki kopo moja, akaanza kuibania. Mwezi huu hajatia hata tone, na mashine imelala siku nyingi kuliko ilizofanya kazi. Wanawake wamenuna, na wana haki: kusaga kwa jiwe si mchezo kwa mtu aliyetoka kupalilia pamba.

"Nikiimaliza, ni kama nammaliza na yeye," anasema, sauti imeshuka. "Alikuwaga anakaa hapo anacheka tu. Namkumbuka sana, sifichi."

Bibi Wankyo anatoka kwenye foleni, anatua kikapu.

"Mwanangu," anasema taratibu, "Kasmiri alileta hiyo kitu ili tule ugali."

Dafroza anashusha kopo, anafungua kizibo cha oili, anamimina mpaka linakauka. Machozi yanamtoka na hayafuti, mikono ina grisi. Anazungusha hendeli polepole ili dawa ichanganyike, halafu kwa nguvu zote. Injini inakohoa, inakohoa, inashika. Moshi unaanza mzito, unapungua, na mlio unatulia. Foleni inasogea.

Ringi zikifika, anasema, atazifunga yeye na Masatu, na mashine haitahitaji dawa tena. Lakini kopo tupu analifuta kwa pindo la khanga na kulirudisha rafuni. La nini sasa?

"Mpaka ukifunguliwa atalikuta hapo," anajibu. "Aje alijaze mwenyewe."