Ukurasa wa Nne wa Historia ya Kanisa Letu

Ukitaka kumkomoa mwalimu mstaafu, mpe kazi ya kuandika historia. Mimi nilipewa mbele ya kikao kizima: niandike ya kanisa letu, isomwe mbele ya askofu kwenye sherehe ya kumbukumbu ya kujengwa kwake. Nilipofungua mdomo kukataa, mwenyekiti wa wazee wa kanisa akasema, "Mwalimu amekubali," watu wakapiga makofi na kikao kikafungwa kwa sala. Ndivyo tulivyo huku. Ukishaombewa, huchomoki.

Kanisa lenyewe liko juu ya mteremko; ukiwa bandarini Kemondo unaliona kwa bati lake lililoshika kutu. Sisi Waanglikana ni wachache hapa kwetu. Jirani yangu wa kulia ni Mlutheri, wa kushoto ni Mkatoliki, na wote wawili hunitania kwamba waumini wetu wote wanaenea kwenye lori moja. Wacheke watakavyo. Kanisa letu ni la zamani, la mawe, na kila jiwe lilipanda kutoka ziwani juu ya kichwa cha mtu. Enzi hizo aliyetaka kubatizwa alijifunza kusoma, alikariri amri kumi, na alibeba mawe. Wazee waliniambia kuna walioshindwa amri wakabatizwa kwa mawe. Hayo niliyaandika kwa raha kabisa, hata nikasahau kuwa nililazimishwa.

Ukurasa wa nne ndio ulikuwa wa babu yangu. Babu, mzazi wa baba, alikuwa katekista wa kwanza wa kanisa hili, na kila mtoto wa hapa anajua kwamba alitoa kibanja chake ili lijengwe. Kwetu kibanja si shamba tu. Ni migomba na mibuni, lakini ni nyumba pia, na ni kaburi. Hapo unazaliwa na hapo unazikwa. Aliyetoa kibanja hajabakiza kitu. Kaka yangu, ambaye ana duka kule Miembeni mjini Bukoba, alikuwa ameshaagiza kibao cha marumaru chenye jina la babu.

Nikaenda kwa Shangazi kutafuta mawili matatu ya zamani. Shangazi ni bibi wa karibu miaka tisini, ndiye anayefagia kanisa kila Jumamosi, hajui kusoma, na masikio yake yamechoka. Ukizungumza naye ni kupiga kelele. Shangazi tulimwita kwa heshima tu. Tangu utoto tuliambiwa ni mtoto wa jamaa wa mbali huko Muleba, babu alimwonea huruma akamlea. Nilimkuta anamenya ndizi. Akanipa kahawa ya kutafuna, nikakaa, nikapaza sauti: "Shangazi, babu alipotoa kibanja, wewe ulishazaliwa?"

Akaweka kisu chini. "Nani alitoa?"

"Babu!"

"Babu yako alitoa nini? Kile kilikuwa cha mama yangu."

Nilidhani uzee unamchanganya. Wapi! Aliyanyoosha yote mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika, na mimi nikabaki na kahawa mdomoni sitafuni. Babu alikuwa na wake wawili. Mkubwa alikaa kule juu, mdogo, ambaye ni bibi yangu, alikaa huku chini ninapoishi mimi leo. Wamisheni wakamwambia mwenye wake wawili habatizwi, sembuse kuwa katekista, achague mmoja. Babu akachagua mdogo kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kiume, ndiye baba yangu. Mkubwa akarudishwa kwao Muleba na mimba tumboni. Nyumba yake ikavunjwa, migomba yake ikakatwa, na palipobaki wazi pakachimbwa msingi wa kanisa. Mtoto alipoachishwa ziwa akaletwa kwa baba yake, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, lakini katekista mpya hakutaka maneno ya watu. Akasema ni mtoto wa jamaa. Mtoto huyo ni Shangazi.

Najua mtaniambia kwamba kwa mila zetu kibanja ni mali ya mwanamume. Haya, nimesikia. Na aliyepanda migomba ni nani? Aliyebeba samadi, aliyepalilia, aliyetandaza majani makavu chini ya kila shina, ni nani? Ebo!

Nilikwenda kufungua daftari la zamani la ubatizo, lile linalofungiwa kwenye kabati la sakristia. Jina la Shangazi lilikuwepo. Mahali pa jina la mama ni patupu, mahali pa jina la baba ni patupu, na mwandiko ni wa babu mwenyewe, ule mwandiko mzuri ambao baba alitutandikia viboko tuuige. Nilimtukana babu kwa sauti, humo humo kanisani. Sijatubu mpaka leo.

Shangazi aliomba jambo moja tu. "Kibanja sikitaki," alisema. "Kibao sikitaki. Mama yangu atajwe jina mle ndani, mara moja, na mimi nisimame." Huku kwetu kwenye sherehe familia ikitajwa husimama, watu wakaitazama na kuipigia makofi. Miaka yote hiyo, watu wakisimama kwa ajili ya mama zao na babu zao, yeye alikuwa amekaa benchi la nyuma karibu na ufagio wake. Nikamwahidi. Nikaapa kwa jina la Mungu, mimi na kiherehere changu.

Kaka alipousoma ukurasa wa nne, alikuja siku hiyo hiyo. Hakuketi.

"Mdogo wangu, umerogwa?"

"Ni kweli, Kaka. Kamuulize mwenyewe."

"Sijasema ni uongo. Nasema hiki ni kitabu cha kanisa, si baraza la ukoo. Unataka babu avuliwe nguo mbele ya askofu?"

"Na yule mama aliyefukuzwa?"

Akatazama nyumba, akatazama migomba, akanitazama mimi. "Hapa unapolala," akasema taratibu, "unadhani ni kwa nani?"

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walinitoa kwao kabla matanga hayajaisha vizuri, nikarudi hapa na masanduku mawili. Binti wa ukoo kwetu hana fungu. Anakaa kwa hisani ya kaka yake. Mimi mwenye vyeti, niliyefundisha nusu ya tarafa hii kusoma, nalala kwa hisani. Nikaufuta ukurasa. Niliufuta nikilia kwa hasira, lakini niliufuta.

Sikumwambia Shangazi. Kila siku nilisema nitakwenda kesho, na kesho nikapata kazi ya kufanya, mpaka sherehe ikafika.

Siku hiyo nilisimama mbele na kijitabu kikiwa kimeshachapwa, chenye picha ya babu kwenye jalada. Nikasoma mawe, nikasoma amri kumi, watu wakacheka nilipotaka wacheke. Nikafika ukurasa wa nne. "Ndipo katekista wetu wa kwanza, kwa moyo wa kujitoa, akatoa kibanja chake." Kaka akasimama, na mkewe, na watoto wao, na wajukuu, mabenchi matatu mazima. Makofi yakalipuka.

Kule nyuma Shangazi naye akasimama.

Alikuwa amevaa kitenge kipya, na mikono ameikunja kifuani. Hakuwa amesikia hata neno moja. Aliona tu watu wamesimama, akajua saa yake imefika. Mzee wa kanisa mmoja akamsogelea, akamshika begani, akamwambia kwa ishara akae, familia ndiyo inayosimama. Akautoa ule mkono begani kwake, akaendelea kusimama, ananitazama mimi. Na mimi, jamani, nikafungua ukurasa wa tano nikaendelea kusoma.

Alasiri alikuja kwangu polepole na fimbo yake. Uso wake ulikuwa unang'aa. Akanishika mikono yote miwili.

"Nilisimama," akasema. "Walimtaja?"

Ningeweza kusema hapana. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi: hapana, Shangazi, nisamehe. Ni maneno machache tu. Nikapiga kelele: "Walimtaja!"

Akalia. Kisha akatoa kijitabu kwenye khanga yake, maana kila muumini alipewa kimoja, akaniambia nimsomee hapo alipotajwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikafungua ukurasa wa nne na kumsomea yale niliyoyafuta, jina la mama yake, nyumba yake, migomba yake, nikiangalia karatasi ambayo haikuwa na neno hata moja kati ya hayo.

Tangu siku ile anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Ninafunga mlango na dirisha, kwa sababu asiposikia lazima nipaze sauti, na jirani Mlutheri masikio yake ni mazima. Tunatoka jasho mle ndani. Kila mara inanibidi nikumbuke nilivyosema wiki iliyopita, maana ana kumbukumbu ya ajabu. Nikiruka mgomba mmoja ananirudisha. Binti yangu yuko Mwanza, amejifungua, ananiita nikamshike mjukuu. Siendi. Nikiondoka Jumapili moja tu, atamwomba mtu mwingine amsomee. Binti yangu anadhani nimemkasirikia.

Jumapili iliyopita alikuja kama kawaida. Nikafunga mlango, nikafungua ukurasa wa nne, nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye mimba na safari ya Muleba aliponyanyua mkono.

"Inatosha," akasema. "Mwalimu wa watoto wa kanisani alinisomea ukurasa huo kesho yake tu baada ya sherehe. Alinisomea mara tatu."

Kijitabu kilinitoka mkononi. Nikapiga kelele, sijui kwa nini nilipiga kelele kiasi kile, "Mbona ulininyamazia, Shangazi?"

Aliinama, akaniokotea kijitabu, akanipangusia vumbi na kuniwekea mapajani.

"Nilikuwa nangoja uchoke kunidanganya," akasema. "Naona nitakufa mimi kwanza."